Kengele za Vranya Reka

Vranya Reka, 25 Septemba 2001

Nevena mpwa wangu,

Viatu vimekauka? Siku ya kuondoka kwako niliambiwa nimwage maji kizingitini ili safari iteleze kama maji. Marehemu mama yako angemwaga kikombe. Mimi nikamwaga ndoo nzima, ukapanda basi la Ujerumani ukiwa umelowa hadi magotini. Mwanaume akiachiwa mila za wanawake huzifanya kama anazima moto.

Nakuandikia nikiwa darasani. Darasa la sita wanachora mito ya Afrika, na mmoja ameupeleka Nile hadi Kalahari. Nimemwacha. Mimi ni nani hata nimsahihishe? Safari yangu ndefu kuliko zote ilikuwa ng'ambo ya Danube, na hata huko nilikula soseji mbaya nikarudi siku hiyohiyo.

Sasa habari za nyumbani. Mkuu wa shule amejaa fahari hadi vifungo vya koti vinamlalamikia. Hakuna mtoto wa kijiji hiki aliyewahi kupata ufadhili wa kusoma nje, basi akabandika picha yako ukumbini, na chini yake jina la chuo na la mji kwa herufi nyekundu. Watu walikuwa wakisimama kusoma kama wanavyosoma matangazo ya vifo kwenye nguzo. Nimelibandua bango hilo wakati wa mapumziko, nikalikunja ndani ya ramani ya Asia. Mkuu anawashuku darasa la nane, nami nimesikitika pamoja naye.

Sababu unaijua. Krum alikuja Jumamosi. Ile pete uliyoiacha kwenye kopo la sukari la mama yake alikuwa ameivaa yeye, kidole cha mwisho, akauliza kwa adabu, "Mwalimu, mchumba wangu yuko wapi?" Nikamwambia uko Ureno. Akauliza Ureno iko upande gani. Nikajua sikumwonea nilipompa alama ya mbili, ya kufeli. Tuliongea kidogo, akaondoka.

Anwani yako iandike ndani ya barua, usiiandike nyuma ya bahasha, na uitume shuleni. Zangu nitazituma kutoka mjini, maana mama wa posta yetu husoma bahasha kwa sauti.

Mjomba wako,
Spas


Mahali unapopajua, 9 Oktoba 2001

Shikamoo mjomba,

Viatu vilikauka, ila soksi zilinuka hadi mpaka wa Austria.

Hapa bwenini tuko Wabulgaria wawili wa ufadhili, mimi na Plamena wa Ruse. Yeye alikuja na mitungi ya pilipili hoho za kusaga kutoka kwa mama yake, mimi nilikuja na maharage yako. Tunapika harufu mpaka Wajerumani wanafungua madirisha. Nasoma madaraja, mjomba. Mtihani ni Februari. Nikifaulu, ufadhili unaendelea hadi nimalize. Nikifeli, au nikiondoka kabla, wanaufunga na sitapewa mwingine.

Ukumbini nakaa upande wa kushoto kabisa, ili sikio la kulia limwelekee profesa. La kushoto bado halijarudi. Nikiulizwa nasema maji yaliingia nilipokuwa mdogo. Sijamwambia mtu kwamba lilikuwa kofi la Krum, siku aliposoma barua ya ufadhili na kuvitia vyeti vyangu kwenye jiko la kuni. Wewe ulizunguka ofisi zote mpaka vikaandikwa upya. Kofi ndilo ambalo halina ofisi.

Umeandika "tuliongea kidogo". Mjomba, Krum haongei. Alikufanya nini?

Nimekumbuka surva, sikukuu yetu ya kufukuza pepo. Naomba nije Januari, nione wanaume wakishuka na ngozi zao za mbuzi na vinyago. Hata kwa sikio moja, nifunge macho nitakutajia kila mmoja kwa kengele zake za kiunoni: za kina Asen zinalia nyembamba kama watoto, za marehemu baba yake Krum zina ile moja iliyopasuka, inakohoa. Na zako, samahani, zinachelewa hatua moja nyuma ya kijiji kizima. Nilipokuwa mdogo nilidhani ni mwangwi.

Mpwa wako,
Nevena


Vranya Reka, 11 Novemba 2001

Nevena,

Usishtuke kwa mwandiko. Nimeanguka kwenye ngazi nikichuma plamu, vidole vya mkono wa kulia vimepumzika, sasa anaandika wa kushoto ambaye hajawahi kwenda shule. Madaktari wamefunga vidole vitatu kwa pamoja. Nikiinua mkono darasani watoto wanadhani nabariki.

Soma hili kwa makini. Mkuu wa shule, kwa roho yake njema, ametengeneza bango jipya, kubwa kuliko la kwanza, akalipigia misumari. Krum amelisoma. Mji wako anaujua. Tangu viza iondolewe masika haya, mtu mwenye gari na hasira anafika Ujerumani bila kuulizwa na yeyote.

Nimepiga simu bwenini kwenu. Aliyepokea akaongea Kijerumani, nikamjibu kwa Kirusi cha shule, tukaagana vizuri, na hakuna aliyeelewa chochote. Kwa hiyo inabaki barua hii, nami naichukia kwa uvivu wake kabla sijaitia sanduku. Hama bweni. Hama leo. Anwani mpya niambie mimi tu.

Kuhusu surva, usije. Barabara itakuwa mbaya, na kitanda chako amelala paka, amezaa.

Mjomba wako,
Spas


28 Novemba 2001

Shikamoo mjomba,

Barua yako imefika salama. Hakuja mtu. Nimehama hata hivyo, kwa kukutii. Anwani mpya nimeiandika pembeni. Plamena amehama nami. Mwandiko wangu usikusumbue, ni baridi ya huku, naandika nikiwa nimevaa glavu. Tumekuwa na mwandiko mmoja sasa, wa kuku.

Lakini mjomba, plamu Novemba? Zilikwisha Septemba, nilizichuma mwenyewe kabla ya kuondoka, na pombe yake ya rakia ukaipika ukaionja hadi ukaimba. Katika mti ule hakuna kilichobaki isipokuwa ngazi.

Nevena


Barua iliyoachwa mlangoni kwa Spas, 15 Desemba 2001

Mwalimu,

Geuza karatasi. Upande wa pili ni tangazo la kifo la Nevena, ile picha yake ya sherehe ya kumaliza shule, na msalaba juu, na jina lake lote. Tarehe nimeacha wazi. Mchapaji alinitolea nyingi, kuanzia kesho utaziona kwenye kila nguzo mpaka stendi.

Nilifika kule. Uliniambia Ureno, kumbe. Nilimngoja nje ya bweni, akatoka anacheka na mwenzake. Nikamuuliza anacheka nini. Muulize mkono wake unaendeleaje. Ulilia kama fimbo kavu. Wenzake wakapiga kelele, nikaondoka, lakini siku ya pili nikamkosa, amehama.

Wewe unajua amehamia wapi. Safari ya kwanza nilikuachia vidole saba. Nakupa hadi surva. Baada ya hapo sitauliza tena, nitachukua nyundo kisha nitakwenda kumaliza. Yule ni wangu. Mtu hampi Mjerumani kilicho chake.

Ulinipa mbili mbele ya darasa zima ukasema Krum hata nyumbani kwao atapotea. Sasa je?

Krum


Vranya Reka, 20 Desemba 2001

Nevena mpwa wangu,

Vaa hizo glavu. Usizivue hata ukiwa ndani. Na kama kwa bahati mbaya baridi imekupiga sana upande mmoja, nenda hospitali wakufunge vizuri, maana baridi ya aina hiyo isipofungwa huunga vibaya. Nasema tu.

Nina kazi mpya za asubuhi: nabandua karatasi kwenye nguzo kabla watoto hawajapita kwenda shule. Mabango ya uchaguzi, hayaishi. Gundi yao ni nzuri. Nakwangua kwa kisu cha mkate, na wa kushoto anaanza kuelewa kazi.

Kijiji kizima wanang'arisha kengele. Asen amenunua ngozi mpya, inanuka mpaka mbuzi wenzake wanahama. Kila mtu mkarimu na kila mtu anatazama chini. Nikipita na kisu changu na karatasi zangu, wananisalimu, wanauliza mkono. Hakuna anayeuliza ngazi. Siwalaumu. Lile gari jeusi lisilo na namba huwa limeegeshwa mbele ya kilabu, na Krum ndani anakula mbegu za alizeti, anatema maganda kwa kila anayepita. Mieleka ilimpa shingo, hao majambazi wa mjini waliomwajiri wakampa gari. Kichwa walidhani anacho.

Usije surva. Paka amezaa tena.

Spas


3 Januari 2002

Mjomba,

Paka hazai mara mbili kwa miezi miwili. Hebu tuache.

Albena, tuliyesoma naye, alipita kijijini kwa Krismasi akaniona kwenye nguzo ya stendi. Akawasha mshumaa kanisani. Kisha akampigia Plamena simu ya mkononi, namba niliyompa Oktoba, akilia, akauliza maziko ni lini ili alete maua. Plamena akanipa simu. Nilipomsalimia, akaiangusha yake.

Kwa hiyo najua unachobandua. Nawe unajua kuhusu mkono wangu, nimesoma katika glavu zako zote. Alinishika kwenye ngazi za bweni, akauweka mkono wangu kwenye chuma cha ngazi na kuukanyaga. Hakupandisha hata sauti. Alisema kwa upole, "Huu ndio unaochorea madaraja?" Nilisikia ukivunjika kwa sikio langu zima. Nachora kwa kushoto sasa. Sikukuambia kwa sababu ileile iliyokufanya upande mti wa plamu.

Vidole vyako ni vitatu. Safari ijayo vitakuwa vingapi? Halafu goti, halafu jicho? Na wewe utaniandikia nini, kwamba umegongwa na sungura? Siwezi kusoma madaraja huku nikijua kila mstari ninaochora unalipiwa na mfupa wako. Nimekata tiketi ya basi ya tarehe kumi na sita. Nitakuja, nitakwenda kwa Krum mwenyewe, nitavaa pete yake. Ufadhili wataufunga, na waufunge. Atakuacha. Hilo ndilo alitakalo, hakuna lingine.

Usinijibu kwa mzaha.

Nevena


TELEGRAMU
14 JANUARI 2002

USIPANDE BASI. HAKUNA TENA WA KUMRUDIA. SOMA MTIHANI. BARUA INAKUJA. SPAS


Vranya Reka, 21 Januari 2002

Nevena,

Umesema nisikujibu kwa mzaha, nami nina ulimi mmoja tu na ndivyo ulivyofundishwa. Nitajaribu.

Barua yako nilipewa tarehe kumi na mbili. Niliisoma ukumbini, chini ya lile bango lenye misumari. Baadaye nikaenda kilabuni, nikawasomea wanaume waliokuwapo. Yote, hadi pale pa "atakuacha". Nilisoma vibaya, sauti ikinikatika kama ya mtoto wa darasa la kwanza. Asen alilipa bia yangu, jambo ambalo halijawahi kutokea tangu enzi za chama.

Surva ilianza vizuri. Asubuhi wanaume walishuka nyumba kwa nyumba, na bibi harusi wao wa kuigiza mwenye masharubu, na dubu wao, na padri wao bandia aliyelewa kama wa kweli. Theluji ilikuwa hadi kwenye vifundo. Mimi na vidole vyangu sikuvaa, nilibaki jikoni nikikoroga maharage ya wageni.

Krum alikuja peke yake, kabla ya kundi, kupitia njia ya kinu. Alivaa ngozi ndefu na kinyago cha pembe nne, taya za mbao, uso wote umefichwa. Chini ya ngozi alikuwa na nyundo. Sasa fikiria, mpwa wangu. Mtu mwenye akili akitaka kuua pasipo kujulikana, huvua hata viatu. Huyu alificha uso, nywele, hata mikono aliipaka masizi, kisha akajifunga kiunoni kengele za baba yake. Kutokea siku ya surva bila kengele ni aibu, na Krum angevumilia kuitwa muuaji lakini si kuitwa mtu asiye na kengele. Alishuka kijijini akificha jina lake, huku ile iliyopasuka ikikohoa, Krum, Krum, kwa kila hatua.

Alivunja lango. Mbwa wetu Sharo alimkimbilia, akampiga nyundo mara moja, ubongo ukatapakaa kwenye theluji. Akapiga mlango, ukafunguka na fremu yake. Mzee Lazar, anayetengeneza kengele za kijiji hiki, alikuwa amekuja kuota moto kwangu. Alisimama katikati, akapigwa begani, na bega likashuka kama koti linaloanguka kutoka kwenye msumari. Krum akasema ndani ya kinyago, "Anwani, mwalimu." Nikamwambia, "Krum, vua viatu, umeleta theluji ndani." Nakwambia nilisema hivyo. Woga hunifanya mpumbavu, si mara ya kwanza.

Ndipo kundi likafika. Waliingia uani wote na vinyago vyao, wakamvuta nje, wakafanya duara kama wanavyofanya kila mwaka wakicheza kufukuza pepo wabaya. Walicheza. Kengele zilikuwa nyingi hata vigae vya paa vikatetemeka. Nilisikia mbao zikivunjika, kisha sikusikia mbao. Walikuwa na fimbo zao za surva, na mmoja alikuwa ameichukua ile nyundo. Hakuna aliyepiga kelele, hata yeye mwenyewe. Duara lilipofunguka walikwenda nyumba ya jirani, kama kawaida, na yeye akabaki kwenye theluji. Kinyago kilikuwa kimeingia usoni, daktari alishindwa kusema kipi ni mbao na kipi ni taya.

Afande alikuja kutoka mjini, kijana mwenye madaftari. Akauliza nani walikuwa kwenye duara.

"Walivaa vinyago, afande."

"Nimeambiwa hapa mnajuana kwa kengele."

"Nani kakwambia? Huyo alikuwa amelewa."

Akamgeukia Mzee Lazar, bega limefungwa, mtu aliyeziyeyusha na kuzipima sauti zote hizo kwa mikono yake. Mzee akamwambia, "Mwanangu, kengele ni kengele. Kama kuku."

Afande akacheka kidogo, akaandika. Ndivyo kijiji kizima kilivyougua uziwi siku moja. Sikio lako la kushoto lina ndugu wengi sasa.

Soma mtihani wako.

Mjomba wako,
Spas


Vranya Reka, 24 Februari 2002

Nevena,

Ni mimi Mama Krum. Jana tulifanya kumbukumbu ya siku arobaini, nilichemsha ngano, watu wakaja, wakala, wakatazama sakafu.

Anwani hii nimepewa na mjomba wako. Mwanangu alimvunja vidole hakuitoa. Mimi nilimwomba mara moja tu, akachukua kalamu akaiandika bila kuniuliza ninaitakia nini. Na tangazo la kifo la Krum aliliandika yeye pia, nilimwomba kwa kuwa mwandiko wake ulikuwa mzuri zamani. Alilibandika mwenyewe kwenye nguzo ileile ya stendi. Gundi yako ilikuwa bado haijatoka yote.

Nitasema mara moja. Asubuhi ile nilikuwa nakanda unga dirishani. Nilizisikia za marehemu mume wangu zikishuka njia ya kinu, nikajua mwanangu anakwenda wapi, kwa sababu nyundo haikuwa mahali pake. Sikumwita. Meno mawili ya mbele sina, unajua yalikokwenda. Niliendelea kukanda.

Kisha nikasikia duara. Asen nilimsikia. Wale ndugu wawili wa kinu niliwasikia. Ningeweza kumtajia afande kila mtu kwa jina na jina la baba yake. Na nilizisikia za mjomba wako. Alikuandikia kwamba alikuwa jikoni, sivyo? Mwandishi mzuri. Miaka yote tunamcheka Spas kwa kuchelewa hatua moja. Siku ile hazikuchelewa. Zilikuwa mbele.

Afande aliponiuliza nilisema mimi ni mzee, sisikii. Si kwa ajili yako, na si kwa ajili yake. Nilimzaa mimi, na akiingia yule nyumba nzima ilikuwa ikinyamaza. Sijui nilinyamaza kwa ajili ya nani.

Wewe ungekuwa mkwe wangu. Nilikupenda, nilikutilia sukari zaidi kwenye chai. Wameniambia umefaulu mtihani. Sasa umalize hiyo shule. Uchore hayo madaraja yote. Ukiiacha katikati, ukaolewa huko ukasahau, ukasema ulichoka, nitakulaani, na laana ya mama aliyefiwa inavuka mipaka bila viza.

Pete yako nimeizika naye.

Yordana, mama yake Krum


2 Machi 2002

Shikamoo mjomba,

Nimefaulu, kama mnavyojua huko kabla sijaandika. Ufadhili umeendelezwa. Plamena alioka mkate wa jibini, ukaungua, tukaula hivyohivyo. Mkono umeunga, umepinda kidogo. Profesa anasema mistari yangu sasa ina tabia.

Nakutumia uzi wa Machi, ule wa heri, mwekundu na mweupe, niliusokota mwenyewe kwa vidole hivi. Ufunge kwenye mkono wa kulia. Ukiona korongo wa kwanza, uuning'inize kwenye ule mti wa plamu, lakini usipande.

Mama Krum ameniandikia. Sitakueleza yote.

Nimeisoma mara nyingi barua yako ya Januari, hasa pale pa duara. Umeandika uliyoyaona, umeandika uliyoyasikia, ukaandika mbao zikivunjika kisha si mbao. Kutoka jikoni kwetu, mjomba, ua halionekani. Kuna banda la kuni mbele ya dirisha. Nimekulia pale.

Sikuulizi kukuhukumu. Nina chumba, nina mtihani niliofaulu, nina mkono mmoja na nusu, na nakaa macho nikimsikia mtu ambaye nilikuwa nataka afe, akifa kwa ajili yangu. Nataka nisiwe peke yangu katika kusikia. Niambie jambo moja tu. Siku ile, katika duara, ulisikia kengele za nani?

Nevena wako


Vranya Reka, 14 Machi 2002

Nevena mpwa wangu,

Uzi nimeufunga. Vidole havikuweza, umefungwa na mtoto wa darasa la sita, yule yule wa Nile. Korongo wamerudi, mmoja tayari amejenga kwenye paa la shule, juu kabisa ya ofisi ya mkuu. Mkuu anasema ni baraka kwa sababu yako. Bango lako bado lipo. Sasa nalisoma kila nikipita, kama watu wengine.

Umeuliza nilisikia kengele za nani. Mpwa wangu, mimi nafundisha jiografia. Muziki una mwalimu wake.

Zangu nimezishusha darini, nikakaa nazo mezani, nikazitoa ndimi moja moja. Zilikuwa zimeshikwa na kutu, kazi ilichukua siku nzima kwa mkono mmoja. Mzee Lazar alinikuta. Hakuuliza. Alikusanya ndimi zile mezani kwa mkono wake mzima, akazitia mfukoni, akasema ataziyeyusha atengeneze kitu kingine, labda bawaba ya lango langu.

Kwa hiyo mwakani, ukija, na uje, barabara itakuwa nzuri na paka nimempa Asen, utawasikia wote wakishuka isipokuwa mmoja. Mwangwi wako umekufa.

Lakini nadhani nilijisumbua bure. Kwenda shuleni lazima nipite chini ya dirisha la Mama Krum. Natembea na viatu vyangu vya kawaida, juu ya theluji, sina hata funguo mfukoni. Nikikaribia, ule mdundo wa kukanda unga ndani unakoma. Unakaa kimya mpaka nimalize kupita. Kisha unaanza tena.

Mjomba wako,
Spas